Pasi ya Kwenda Makerere

Bwana Shauri, afisa Mzungu wa wilaya, alishika kalamu juu ya pasi, akaiacha hapo bila kuandika.

Kando yake ililala barua ya Makerere. Ephantus, dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati ya shamba huko Mau Narok, alikuwa amekubaliwa kusomea udaktari. Masomo yangeanza Jumatatu, na mwaka huo wa 1954 Mkikuyu hakupanda gari la moshi Nakuru bila pasi.

"Kuna Mau Mau mmoja wa msituni ulimshona bega," Bwana Shauri alisema. "Ameshakufa, maiti tunayo. Niambie tu alifichwa nyumba ya nani, nitie sahihi."

Ephantus aliinamia mikono yake. Iodini ilikuwa imeingia kwenye mikunjo ya vidole, rangi ya majani makavu, na hakuna sabuni iliyoweza kuitoa. Nyumba hiyo aliijua vizuri. Watoto watatu wa pale aliwatibu tangu wakiwa wachanga, na juzi tu alimpelekea mdogo wao dawa ya surua. Udaktari aliutaka kwa ajili ya nyumba kama hiyo, arudi awatibu wote, mkubwa kwa mdogo.

"Jina moja tu, uwe daktari."

Alijua barua kama ile haiji mara mbili.

"Sikumshona mtu, bwana."

Bwana Shauri aliifunika kalamu yake taratibu, akamwita askari mlangoni.

"Huyu naye mpandishe lori la kwenda kizuizini."