Ulimi wa Somoe

Zama hizo aliyefiwa na mke hakuachwa peke yake. Kabla matanga hayajaanuliwa aliletewa mwingine wa kutengenezwa, sura ile ile, sauti ile ile.

Chilumba, mkusanya visukuku wa Lindi, aligusisha mfupa wa kale ulimini. Ukanata. Mfupa wa kweli hunata kwenye ulimi, wa bandia huteleza; marehemu mkewe, Somoe, ndiye aliyemfundisha.

"Hebu nami, mume wangu," akasema Somoe wa pili, akiacha kukuna nazi.

Akauweka ulimini. Ukateleza, ukaanguka mkekani.

"Bandia huu," akasema, kwa uhakika ule ule wa marehemu.

Chilumba akauokota, akaupangusa taratibu.

"Kweli, mke wangu. Bandia."

Akautia kwenye kapu la vya kutupa, akaketi kusikiliza nazi ikikunwa.