Makopo ya Uzi Mwekundu

Asubuhi ile mtafiti alikuta chembe nyeupe kwenye sakafu ya kibanda, imeyeyuka nusu. Chumvi, aliwaza. Mwenye duka la mbolea ameingia kuniulia miche.

Lakini makopo yote sitini ya miche ya kunde yalikuwa salama. Thelathini yalifungwa uzi mwekundu, uliofumuliwa kwenye sweta kuukuu la mama yake. Humo alitia bakteria aliowatoa kwenye mizizi ya vichaka vya porini, vile vinavyonawiri bila mbolea wala mvua ya maana. Mengine hakuyatia kitu. Kunde za uzi mwekundu zilikuwa kijani kibichi. Zile nyingine njano, zimedhoofu.

Wanakijiji walikwisha kuona. Wakaamini, wakapanda mbegu zao zote za mwisho kwa bakteria hao, bila hata punje ya mbolea. Wasipovuna, watahama.

Akabadilisha kufuli, akahamishia godoro kibandani. Mama akamletea chai, akamwambia akaoge, ananuka kama beberu, yeye atalinda.

Njiani alimkuta mwenye duka amekalia magunia yake.

"Bwana Bakteria, nitukane upendavyo," alisema akicheka. "Kwenu bado mnanihitaji."

Mtafiti akaharakisha kuoga, arudi kulinda.

Wiki ya saba wanakijiji walijaa uani kushuhudia mizizi ikioshwa. Aliwaeleza kwanza. Bakteria wakifanya kazi, mizizi huota vinundu, na ukikipasua kinundu, ndani ni chekundu kama damu. Mmea ulioshiba mbolea hauhangaiki kuviotesha. Mizizi yake hubaki laini.

Akang'oa mche wa kwanza wa uzi mwekundu, akauchovya kwenye ndoo. Laini. Wa pili, laini. Alipofika wa kumi, wembe ulikuwa bado mkononi, hauna cha kupasua.

Mtafiti aliinua macho kumtafuta mwenye duka. Alikuwa kule nyuma ya watu, na safari hii hacheki. Alikuwa anamtazama mama.

Mama alisogea, akamfuta mwanawe tope mkononi kwa upindo wa nguo yake.

"Wiki ya tatu kunde zako za uzi zilianza kuwa njano," alimnong'oneza. "Ningekuacha uaibike, mwanangu?"