Usukani wa Mzee

Mzee alimpa mkwewe gari lake alitengeneze, huku mwanawe wa kumzaa, fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili, amesimama hapo hapo kwenye gereji aliyomiliki pamoja na shemeji yake huyo. Wivu ukamshika.

Usukani ulikuwa mzito, haugeuki ila kwa mikono miwili. Shemeji akabadilisha pampu ya usukani, lakini uzito ukabaki vile vile.

Shemeji alipokwenda kunawa, mwana hakuweza kujizuia. Akapenyeza mkono chini ya usukani, akaipapasa jointi, kile kiungo cha mhimili wake. Ilikuwa imeshika kutu. Akaitia mafuta, akaichezesha taratibu mpaka ikalegea.

Shemeji aliporudi, Mzee naye akaja, akauzungusha usukani kwa kidole kimoja, akacheka.

"Nilijua hii utaiweza, mwanangu," akamwambia mkwewe.

Shemeji akamtazama mwana, akaona mafuta na kutu vidoleni mwake, kisha akainamisha macho.

"Asante, baba," shemeji akamjibu Mzee.