Upepo wa Kwenda, Upepo wa Kurudi

Mzee aliitumbukiza sarafu kwenye mfereji kati ya kashata za tairi, akaitoa, akaifuta kwa pindo la shati, akaitumbukiza kwenye tairi la pili. Kwenye la tatu ilizama karibu yote. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja mchuzi na kuukuta una chumvi yake.

"Hili lina kina," alisema.

Matairi matatu yalikuwa yameegemezwa ukutani mwa duka, kila moja na picha yake ubavuni: Kobe, Swala na Mwewe. Mzee alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na moja. Ndiyo maana asubuhi ile mwanawe alipomwambia, "Baba, twende ukanichagulie matairi, wewe ndiye mwenye jicho," alivaa shati la kola hata kabla ya kunywa chai.

"Swala linashika barabara," muuzaji alisema. "Kwenye tope linang'ang'ania kama kupe. Lakini mpira wake laini, linaisha upesi. Kobe ni gumu, Mzee, utachoka wewe kabla halijachoka lenyewe. Ila mvua ikinyesha, ni sabuni."

"Na Mwewe?"

"Liko katikati. Halafu lina waranti ya miaka mitano."

"Waranti ya nini? Msumari umo?"

"Msumari haumo. Jiwe halimo. Kosa la kiwandani tu, na uje na kadi."

"Nikiipoteza?"

"Bila kadi hatukujui, Mzee."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alipenda muuzaji asiyezungusha maneno.

Garini, kiti cha nyuma, dada yake Mzee alikaa wima na leso yake mkononi, macho yote mawili yameingia ukungu. Kando yake alikaa mkamwana. Dada huyo ndiye aliyembeba Mzee mgongoni mama yao alipofariki, akamtafunia chakula, akamfundisha kufunga kamba za viatu.

"Mdogo wangu!" aliita dirishani. "Huyo daktari wa macho anakaa wapi, hata tubadilishe matairi?"

"Mbali, Dada. Daktari mzuri hakai karibu."

"Jioni tutakuwa tumerudi?"

"Dereva mzuri hulala kwake."

Akaridhika, akaegemeza kichwa. Punde si punde alikuwa anakoroma.

Daktari hakuwepo. Yalikuwepo makao ya wazee, juu mlimani, mwisho wa barabara ya udongo yenye kona kumi na saba, na mwanawe alishamaliza kujaza fomu. Habari ya macho aliitunga Mzee mwenyewe, mezani, siku ile Dada alipounguza sufuria la tatu. Mwanawe alikuwa akisitasita. Akasema Shangazi akijua atashika mlango, na majirani watajaa.

"Kwani nani kakwambia umweleze?" Mzee alimwambia. "Mtu akishazeeka haambiwi anakopelekwa. Anaambiwa 'twende', basi."

Mwanawe alimtazama kwa muda mrefu siku hiyo. Kisha akasema, "Kweli, Baba."

Sasa Mzee alimsogelea akamnong'oneza. "Kile chumba cha Shangazi yako, chenye dirisha la barabarani. Kitanda changu kitaingia bila kugeuzwa. Nimepima kwa shubiri."

"Chagua, Baba. Jua linapanda."

Mzee akaweka kiganja juu ya Mwewe. "Hili. Kupanda mlima, hata tairi kipara litapanda. Tairi hujulikana wakati wa kushuka. Mimi nataka la kushuka nalo."

Muuzaji akatoa kadi na kalamu. "Niandike jina la nani?"

Mzee alifungua mdomo.

"Langu," mwanawe alisema. "Miaka mitano ni mingi, Baba. Itakusumbua kuitunza."

Fundi alifungua buti kutafuta jeki. Akatoa mkoba, akauweka chini. Akatoa mwingine wa rangi ileile, akauweka juu ya wa kwanza.

"Miwili!" Mzee alisema, akimkonyeza. "Wanawake na nguo! Hata huko anataka kabati."

Fundi akacheka. Mkamwana akainama, akawa anatafuta kitu miguuni pake.

Matairi manne yakafungwa, nati zikakazwa. Mzee alizikagua moja moja kwa kidole, kisha akamshika fundi mkono alipoinua bomba la upepo.

"Hapana, kijana. Upepo haujazwi kwa mazoea, unajazwa kwa watu. Sisi tulikuwa tunaandika kwa chaki: tairi la kushoto watu wa kwenda, la kulia watu wa kurudi. Mzigo ukipungua, njiani unapunguza na upepo. Muulize mwenye gari, uandike."

"Shikamoo ualimu," fundi alisema, akaokota kipande cha chaki. "Haya bosi, Mzee ameshasema. Kwenda wangapi?"

"Wanne."

Fundi akaandika nne kwenye tairi la mbele, kushoto. Akazunguka upande wa pili, akachuchumaa, chaki juu.

"Kurudi?"

Hesabu ilikuwa nyepesi. Mzee, mkono ameubana kifuani asije Dada akaamka na kuona, aliinua vidole vitatu kumsaidia mwanawe.

Mkamwana alikuwa ameshahamia kiti cha mbele. Mwanawe alikuwa ameshika mlango wa nyuma, upande wa pili wa Shangazi, ameufungua wazi.

"Wawili," alisema. "Ingia, Baba. Twende."