Ngeli ya Duke

“Si kumtunza Duke, Mzee. Ni kuitunza,” Goreth alisahihisha, akimvalisha mzee soksi.

Mzee Anton akacheka hadi akakohoa. Kiswahili alijifunzia Kigoma, alikokuwa seremala wa misheni. Goreth, mhudumu wake Mrundi, alikulia kambi ya wakimbizi huko huko, na kama kuna kitu alichoringia hapa Sydney, ni ngeli zake.

Katika kopo la mzee la sarafu za kale mlikuwa na moja aliyoionyesha kila siku: fenigi ya fedha, nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyogongwa kwa nyundo enzi mtawala mwenye cheo cha Duke akitawala Austria. Goreth akaipa jina hilo hilo, Duke. Mpwa wa mzee alisema wakusanyaji wangeipigania. Basi Goreth kila akiitazama aliona cherehani ya umeme, vitenge, na kwaheri ya kuogesha watu.

Kero ilikuwa jibwa la mzee, lililolala mbele ya kabati la sarafu. Mzee aliliita kwa mluzi. Goreth alilipita kwa mbali, roho mkononi, maana mbwa aliwaogopa kuliko barua za Immigration.

Siku zikafika za mzee kuhamia nyumba ya wazee. Akamwambia Goreth kuwa Duke atakuwa wake. Goreth alilia machozi ya kweli. Jumapili hiyo mumewe, Égide, akatangaza kanisani Merrylands kuwa mkewe anaacha kazi.

“Hapendi baridi,” mzee aliagiza. “Mfunike. Na ukimwosha, usimsugue sana. Ni mzee.”

Goreth akaitikia. Fedha ya kale haisuguliwi, hilo alilijua. Ila zile “m” zilimkera. Mzungu ni mzungu tu, akajisemea, hata umpeleke Kigoma mara saba.

Siku ya kuhama, mpwa akapakia kila kitu garini: picha, kabati, hata lile kopo. Goreth akatabasamu pembeni. Maskini, hajui anabeba kopo lisilo na Duke.

Mzee akatia mkono mfukoni, machozi yakimlengalenga. “Umpende,” akasema.

“Nitaipenda, Mzee.”

Goreth akapiga goti kidogo, akakinga viganja viwili kama alivyolelewa. Mzee akamwekea kamba ya ngozi, akapiga mluzi, na Duke akaja mbio, mkia ukimcheza.