Neno Chini ya Chaki

"Wanasemaje, mwanangu?" Mama aliuliza bila kusimamisha cherehani.

Nilizungukazunguka chumbani nikijipepea kwa barua ya hospitali. "Maneno mengi tu, mama. Moyo wako umechoka kidogo, upumzike."

Cherehani ikanyamaza. Aliichukua barua, akapiga mstari kwa chaki ya kuchorea nguo chini ya neno moja la Kiingereza: serious.

"Na hili, siriasi? Sijui kusoma, lakini hili nalijua kwa sura. Kila muhula mwalimu wako aliandika kwenye ripoti yako, 'Mtoto huyu hayuko serious.' Jirani ndiye aliyekuwa akinisomea."



Alifuta vumbi la chaki kwenye kanga yake, akanisogezea kiti.

"Kaa. Leo uwe siriasi. Anza upya."