Nyumba za Muhanga

Hapo zamani bondeni, kila aliyekosa nyumba alihamia katika shimo lililochimbwa na Muhanga, yule mnyama mla mchwa. Alichimba, akaacha wazi, wala hakudai chochote ila salamu. Waliohamia walikuwa ngiri, na ngiri huingia nyumbani kinyumenyume ili pembe zake zilinde mlango. Hivyo kila Muhanga alipopita kuwajulia hali, alipokewa na pembe.

Mwaka ule mvua zilizidi kipimo. Muhanga akagusa udongo wa chini, akaukuta umelowa. Akaenda kwa Mzee Ngiri.

"Mzee wangu, maji yanapanda. Twendeni mlimani, nichimbe nanyi mzoe udongo."

"Unaitaka nyumba yangu," akasema Ngiri. "Mimi hapa namwona kila ajaye."

"Maji yatakuja kwa nyuma yako."

"Nyuma yangu kuna ukuta."

Muhanga akaenda mlimani peke yake, akachimba shimo la kuwatosha wote.

Maji yalipochomoza sakafuni, ngiri walitimua mbio mikia juu, wakafika kwake wakitetemeka.

"Karibuni," akasema Muhanga kutoka ndani. "Ila leo ingieni kwa uso, tuonane."

"Bila shaka, jirani," akasema Mzee Ngiri. Kisha akageuka, akaingia kinyumenyume kama alivyozoea, na wenzake vivyo hivyo.

Muhanga akakaa huko ndani akitazama migongo. Mvua ilipokatika, ngiri walitoka moja kwa moja, na hakuna aliyegeuka kumuaga.